Kiinitete cha Wifi

Maabarani walimwita Sindano, na jina likamkaa, maana kazi yake ya kutwa ilikuwa kudunga mayai. Mbegu moja, yai moja, jicho kwenye hadubini, pumzi imebanwa. Ukimwona njiani na mfuko wake wa nyanya huwezi kudhani mkono ule umeanzisha watoto wa watu wangapi.

Safari hii yai lilikuwa la wifi yake, mke wa kaka yake. Tena moja tu. Dawa zote zile, tumbo kuvimba kote kule, likapatikana moja! Kanuni inakataza kumdungia ndugu, lakini mwenzake alikuwa anaumwa, na yai halingoji mtu apone. Sindano akapiga moyo konde, akadunga.

Sasa asubuhi hii, siku ya tatu, kiinitete, yaani lile yai lililoanza kugawanyika, kilikuwa kimechelewa. Vya umri wake huwa vimefika seli nane. Chenyewe kilikuwa na tano, na kwa kusuasua. Desturi ya pale, kinachochelewa hakipandikizwi tumboni. Wanasema kimegoma, yamekwisha.

Sindano hakukubali. Alimvizia daktari anatoka chooni, maskini, akamshika hapo hapo. Akamweleza, kana kwamba daktari hajui, kuwa mbegu inayoingia yenyewe huvua kofia na koti lake, yaani utando wake, nje. Hii ya sindano inasukumwa ndani na kila kitu, kama mgeni aliyepitishwa dirishani na viatu na mwavuli, na yai ndilo linaachiwa kazi ya kumvua. Litaachaje kuchelewa? Daktari akasema vingi vya namna hiyo haviendi mbali, na Sindano alijua ni kweli. Lakini alibishana mpaka daktari akachoka, akasema haya, kipandikizwe, ila mgonjwa aambiwe yote.

Basi akaenda chumba cha mapumziko nusura akimbie. Nje kwenye benchi kaka mtu alikuwa kwenye simu na mama yao, anamwambia azidi kuomba. Mama mwenyewe alishachagua jina la mjukuu. Ndani, wifi alikuwa amelala chali, gauni la hospitali limemkaa upande, anatazama feni isiyozunguka. Sindano akamweleza yote, la koti na la mwavuli, na daktari alivyokubali. Akatabasamu, akangoja ashukuriwe.

"Wifi," yule akasema taratibu, "mimi tangu jana naomba uje uniambie kimekufa."

Sindano akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Hii mara ya nne. Kila mtu ananiuliza yai likoje, tumbo likoje. Nimechoka, wifi. Nimechoka mpaka kulia siwezi."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sindano alikuwa amelikodolea macho yai la mwanamke huyu kuliko alivyowahi kumtazama yeye usoni, na sasa aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Amekipigania kiinitete kama wakili, na mwenye tumbo hakumuuliza hata neno moja.

Wifi akamshika kiganja. Akasema akikataa mwenyewe, mama mkwe atamwona muuaji mpaka siku anaingia kaburini. Kwani wao huko maabarani huwa wanasemaje kikichelewa? Basi Sindano naye aseme hivyo hivyo.

Sindano alirudi kwanza kwenye hadubini. Asingekwenda angekuwa na nafuu. Seli zilikuwa sita sasa, na ya saba ilikuwa inajitenga, polepole, bila kuomba radhi kwa mtu. Alikaa pale na uchovu wa miaka yote ya kazi ukamshukia mabegani. Kisha akamwambia daktari kwamba mgonjwa amekataa, na ni haki yake, akavua glavu.

Kaka alisimama alipomwona, simu sikioni, mama bado yuko hewani.

"Kimegoma," Sindano akasema. "Mwambie mama kosa ni langu, mkono ulitetemeka. Na wewe ingia ukakae na mkeo. Usimuulize kitu."