Kilo za Ng'washi

Mama Luhende, jirani yetu hapa Mabatini, anatangaza kwamba mwanangu Ng'washi alizimia kwa kuvimbiwa ugali. Mwongo mkubwa! Alizidishiwa dawa ya kifafa. Daktari wa zahanati alimpandisha kwenye mizani, akacheka, "Huyu akapimwe sokoni Mwaloni na magunia ya dagaa," kisha akaandika dozi ya mtu mzima. Mtoto wa miaka minane!

Nesi wa hospitali tulikolazwa ndiye aliyenieleza kwamba kwa dawa hii kilo za mafuta ya mwilini hazihesabiwi zote, urefu nao hupimwa. Leo tumerudi zahanati, na daktari yuleyule anaandika vidonge vilevile.

"Shikamoo daktari. Tafadhali, mpime urefu kwanza."

Hata marahaba haitoi, anaandika tu. Ng'washi ameshavua viatu, amesimama wima ukutani, anasubiri.