Kibaraza cha Mwanamvua

Mwanamvua alikuwa amechoshwa na chumba cha kupanga, ambako hata akitwanga kisamvu mwenye nyumba alinung'unika. Boma la Kisarawe lilipogawa viwanja vipya karibu na soko, naye aliomba, akapata. Sharti lilikuwa nyumba isimame kabla ya masika, tena ndani ya vigingi; la sivyo, kiwanja apewe mwingine.

Miti ikasimama, fito zikafungwa, paa likaezekwa makuti. Ikabaki kukandika tu, na ndugu zake wa kijiji cha Masaki walikuwa waje Ijumaa kukanyaga udongo.

Jumatano akapita Bwana Hilario, karani wa viwanja.

"Bibi Mwanamvua, umejenga barabarani."

"Mimi? Ukuta si huo, umekomea kwenye kigingi?"

"Ukuta, sawa. Na hizi?" Aligusa nguzo za kibaraza kwa ncha ya kiatu.

"Hicho kibaraza, Bwana karani. Nyumba imeishia ukutani."

"Kwetu sisi, penye paa ni nyumba. Kiondoe kabla ya Jumamosi, au nitaandika kiwanja ki wazi."

Alipoondoka, fundi Mfaume akashika kiuno. "Tukikate, yaishe. Wageni utawapokea chumbani, kama mgonjwa."

"Nyumba isiyo na kibaraza ni ghala, Mfaume. Mimi si muhogo." Mwanamvua aliuzunguka ukuta wa mbele, akautikisa. Miti mitupu; udongo ulikuwa bado. Akatabasamu. "Kata makuti yaishie hapa kwenye kigingi. Nguzo nene za ukuta huu ziache, fito zake uzifungue; ndizo za kibaraza. Zile za nje zing'oe, ukazisimike kule ndani. Huko ndiko ukuta."

"Chumba cha mbele kitabanana! Kitanda kitaenea?"

"Nalala peke yangu. Chimba mashimo."

Ijumaa wanawake wa Masaki wakafika, khanga viunoni. Tatu, binamu yake, akapiga kigelegele. "Mwenzetu anahamisha ukuta kama mkeka!" Wakakanyaga udongo kwa nyimbo, wakakandika mpaka jua likainama.

Jumamosi Bwana Hilario akarudi. Akainama kigingini, akatazama juu. Hakuna kuti lililovuka. Akachovya kalamu yake, akaandika jina la Mwanamvua katika daftari la viwanja.

"Karibu kibarazani, Bwana karani," Mwanamvua alisema, akimtandikia mkeka. "Ila miguu usiinyooshe sana. Itakuwa barabarani."