Tonge la Pembeni

...na bado anaongea, mgeni huyu, mguu juu ya mguu kama yuko sebuleni kwa shemeji yake, na kidole changu kiko juu ya kengele ya mlinzi, nibonyeze tu atolewe, maana bosi keshasema asubuhi, huyo mtu msimpe sikio, serikali yake haimjui, yetu haikumtuma, kajiteua mwenyewe, kajichapishia na kadi, Msuluhishi wa Kimataifa, herufi za dhahabu, dhahabu yenyewe inabaki vidoleni... "Mheshimiwa Konsuli, wale wa msituni wananiamini mimi peke yangu," anasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, wakuamini wewe, baba wewe, hata hicho kiti kinalalamika, na mimi si konsuli, nimeshamwambia, mimi ni afisa tu wa raia wenye shida, na shida yangu ni dereva mmoja wa lori, katekwa ng'ambo ya mpaka tangu mvua za kwanza, na mama yake yuko hapo nje kwenye benchi, ukuta mmoja tu kati yetu, kila nikipita ananiangalia mikono kabla ya uso, kama nimebeba kitu... nimempima huyu kwa swali letu la siku zote, jambo analolijua mateka peke yake, paka wa kwao anaitwaje, akanijibu mambo madogo hayo atauliza safari ijayo, eti safari ijayo, njia ya mwongo fupi, ya huyu imeishia mezani kwangu, basi bonyeza, mwanamke, unangoja nini... nangoja kwa sababu akitoka huyu sina mwingine, nitamwambia nini yule mama, yeye aniitaye mwanangu, juzi nimemletea wali akala taratibu, akasema, "Mwanangu, yule wangu alipokuwa mdogo baba yake alikuwa anachelewa kutoka kazini, basi kila jioni mtoto alimbakishia baba tonge moja pembeni ya sahani. Baba mtu kafa, tonge halikukoma. Mtu mzima na ndevu zake, ukimuuliza anacheka tu," nami nikacheka naye, kisha nikaenda chooni kulia, kwenye faili sikuandika, nani anaandika tonge kwenye faili la serikali... "Halafu ana kiburi, huyo dereva wenu," mgeni ananung'unika, anajipepea na kadi yake, "chakula hamalizi. Kila siku anaacha kidogo, pembeni hapa. Walinzi wanaona anawadharau, wanampiga kwa hilo. Mama yake amwandikie, amalize sahani."

Nini... amesema pembeni... na hata hajui alichosema, ameshahamia kwenye sifa zake, jinsi alivyovuka mto kwa miguu, vuka hata bahari, bwana, mwongo wangu wewe, umekaa naye, sahani yake umeiona kwa macho yako, yu hai, Mungu wangu, yu hai na bado anamngoja baba yake, na anapigwa kwa kumngoja... kidole kiko palepale, kengele palepale, mgeni bado anaongea, na mimi ndiye nitakayetoka hapa niende kwenye lile benchi, mama atanitazama mikono, nitamwambia yu hai, atashukuru, ataniita mwanangu, halafu nimpe kalamu, nimwombe amwandikie mwanawe kwamba baba hatachelewa tena, ale lote.