Uongo wa Begani

Mwalimu alinishtaki kwa barua, na barua yenyewe ilikuwa na vichwa vilivyopigiwa mstari kwa rula. Sikuhitaji kuambiwa imetoka kwa nani. Mwandiko ule niliusoma ubaoni miaka minne, somo la jiografia, vipindi vitatu kwa wiki, na ulikuwa haujazeeka hata kidogo. Aliyezeeka ni mwenyewe.

Huyu ndiye aliyetufundisha vilele kumi virefu kuliko vyote barani. Tulivikariri kwa jina na kwa kimo, kuanzia cha kwanza hadi cha kumi, kisha kinyumenyume, na aliyekwama alibaki amesimama darasa zima likimcheka. Mimi nilikwama kwenye cha nne. Kila siku cha nne. Nikabandikwa jina la Nne, na hadi leo mke wangu ananiita hivyo, na majirani wanadhani nimezaliwa wa nne kwetu. Yeye Mwalimu, aliyejua kimo cha kila mlima mpaka mita ya mwisho, alikuwa hajapanda hata mmoja. Ukimuuliza, alisema ramani inatosha.

Alipostaafu, ramani ikaacha kutosha. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, bintiye alikuwa ameolewa mji mwingine, na nyumbani hakuwa na mtu wa kumsahihisha. Asubuhi moja akaingia kwenye ofisi ya kampuni yetu, mzee wa miaka sitini na minane, viatu vipya miguuni, saa kubwa ya kupimia kimo mkononi. Akasema anataka kupanda kile cha kwanza, na anataka kupandishwa na Nne. Nilifurahi, sifichi. Mlima ule nimeupanda zaidi ya mara mia mbili, lakini siku ile ndiyo niliyojiona nimefaulu mtihani.

Sasa nikueleze kazi yetu viongozi wa mlimani. Kazi yetu ni miguu na uongo mdogo mdogo. Mteja akiuliza bado kiasi gani, unamwambia tumekaribia, hata kama zimebaki saa nne. Akikuuliza anaonekanaje, unamwambia kijana. Hakuna anayekwenda kuungama kwa hayo. Ila kuna uongo mmoja hatuugusi: kumwambia mtu amefika ilhali hajafika. Kule juu hakuna shahidi mwingine. Tukishuka, kiongozi anajaza fomu ya ofisi ya mlima, anaandika amefika au hakufika, anatia sahihi, na cheti kinatoka kwa neno lake tu. Neno hilo ndilo kitambulisho chetu. Ukilichafua, wanakuvua beji.

Chini ya kilele kuna mahali tunapaita Bega. Ni uwanja mdogo wenye rundo la mawe, na ukungu ukishuka utaapa hakuna kitu tena juu yake. Kumbe juu yake zimebaki mita mia moja na themanini, saa moja na nusu kwa mtu mzima.

Mwalimu hakuwa mzima. Tulifika Bega saa tatu asubuhi, midomo imegeuka rangi ya majivu, kikohozi kinatoa povu la waridi, na kila akivuta pumzi nasikia maji yakichemka kifuani. Sauti ile naijua. Nimeisikia kwa watu wawili, na wote wawili tuliwashusha wamefunikwa. Dawa yake ni moja tu, kushuka, na kushuka sasa hivi.

"Mwalimu, unaumwa. Tushuke."

"Bado kiasi gani?"

"Mapafu yanajaa maji. Tushuke, nakuomba."

"Nimekuuliza bado kiasi gani, Nne. Jibu swali."

Nikamshika mkono, akaunyofoa. Sijui nguvu alizitoa wapi. Akapiga magoti, akaanza kutambaa kuelekea juu, akikohoa na kutema, akasema ameufundisha mlima huu miaka thelathini na mitano na hatarudi nyumbani bila kufika. Nilitazama ukungu. Nilimtazama mzee anayetambaa. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, nami nikachagua nusu yangu.

"Simama, Mwalimu," nikamwambia. "Tumefika. Hapa ndipo."

Akauliza kibao cha kileleni kiko wapi. Nikamwambia kimeng'olewa na upepo wiki iliyopita. Akaamini, akalia. Akanishika shingo na kuanza kuvitaja vilele vyote kumi, kwa sauti ya kukatikakatika, na alipofika cha nne akanyamaza, akaningoja. Nikakitaja. Akacheka, akabonyeza saa yake, akasema sasa twende. Nikambeba mgongoni, mtu mzima na koti lake, nikateremka naye mbio bila kupumzika. Jioni alikuwa anakunywa chai kambini na kumfundisha mpishi namna ya kukoroga.

Kwenye fomu kuna mstari wa hali ya mteja. Mwalimu aliniona nimeshika kalamu, akanisogelea.

"Usiandike niliumwa. Binti yangu atataka kuisoma."

Nikaandika mzima. Nikaandika amefika. Nikatia sahihi chini ya uongo wote wawili, nikalala usingizi wa mtoto.

Miezi miwili baadaye Mwalimu alikaa mezani kwake kuhamisha namba kutoka kwenye saa ile kwenda daftarini. Mtu mwingine angeitia kabatini akaisahau. Saa ilimwambia kimo cha juu kabisa alichofikia, naye alikijua kimo cha kilele kabla sijazaliwa. Akatoa, akapata mia moja na themanini. Akachukua rula, akaiandikia barua ofisi ya mlima.

Nilipopata wito wa kamati ya ofisi hiyo nilikwenda kwake. Nilimkuta sebuleni, cheti amekishusha ukutani na kukifunga kwenye gazeti tayari kukirudisha. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Karibu, Nne. Najua limekuuma. Lakini mimi siwezi kutundika uongo nyumbani kwangu."

"Ungekishusha ukanyamaza, Mwalimu. Ungenipigia hata simu."

"Ofisi ina kumbukumbu. Kumbukumbu ina kosa. Kosa husahihishwa."

"Nikikwambia kweli pale juu ungeshuka?"

Alifikiri. Ndivyo alivyo, swali lazima alifikirie. "Nisingeshuka."

"Ungekufa."

"Huenda."

"Si huenda, Mwalimu. Nilikubeba. Ulikuwa unakorota mgongoni kwangu. Sasa sikiliza, sikuombi ufute barua. Nimekosa, nimekosa. Nakuomba mstari mmoja tu. Waambie ulikuwa unakufa. Fomu yangu inasema ulikuwa mzima kwa sababu wewe uliniomba, na wapagazi walikuwa chini kambini. Nikikosa mstari huo, mimi ni tapeli tu aliyeona uvivu wa kupanda."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kwa wema kabisa. "Mimi sijawahi kusema uongo, unanijua. Nikiulizwa nitajibu."

Nikaondoka moyo umetua. Mke wangu aliniuliza kwa nini natabasamu, nikamwambia nimeshapona. Ndiyo, nilimwambia hivyo. Nilimwamini mtu yule kuliko nilivyoiamini sahihi yangu.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano cha ofisi ya mlima, meza ndefu, jagi la maji, ramani ukutani iliyokunjika pembe. Walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja aliyewahi kuongoza wageni mwenyewe, magoti yakamwangusha. Mwalimu alikaa upande wa pili na suti yake ya kustaafia. Kando yake alikaa bintiye, aliyesafiri siku nzima kuja.

Mwenyekiti aliniuliza kama nilimwambia mteja amefika. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa nini. Nikaeleza yote, povu, midomo, kutambaa. Akafungua faili.

"Fomu yako mwenyewe inasema alikuwa mzima. Tukuamini wewe wa leo au wewe wa siku ile?"

"Muulizeni yeye, mama."

Akamgeukia. Aliuliza kwa heshima, naona alitaka aambiwe ndiyo. "Mwalimu, pale Begani ulikuwa mgonjwa?"

Bintiye akamgeukia babake haraka, uso umeingia hofu, akasema kwa sauti ndogo, "Baba?" Mwalimu akamtazama yeye, si mimi. Akanyoosha tai.

"Nilichoka kidogo," akasema. "Uchovu wa kawaida."

Miaka yote ile alitusimamisha kwa kukosea mita moja. Mimi alinikosea mapafu mazima, na hakupepesa jicho. Ningeweza kupiga meza, ningeweza kumwita mwongo mbele ya mwanawe, na maneno yalifika mpaka kwenye meno. Nikayameza. Shukrani ya punda ni mateke, nilikuwa nikiusikia msemo huo nikidhani unahusu punda. Beji niliivua mwenyewe, mwenyekiti hakutaka kunyoosha mkono.

Nje, kwenye ngazi, Mwalimu alinifuata. Bintiye alikuwa ameenda kutafuta teksi. Nilidhani anakuja kuomba radhi, nikajiandaa kuikataa.

"Nne, kiangazi kinaanza mwezi ujao. Wamenikubalia kurudia bila kuanza maombi upya. Ni mita mia moja na themanini tu nilizobakiza. Nitafutie kiongozi mzuri."

"Mwalimu, kifua kile kitarudi. Safari hii kitakuua."

"Nilichoka tu," akasema, na nikaona amekwisha kujiaminisha. Alilisema mara moja mbele ya watu, likawa kumbukumbu.

Nilimchukia. Nilimchukia kweli, na bado sikutaka afe. Nikamtajia Kobe, kwa sababu ndiye mwangalifu kuliko wote, na kazi nilimfundisha mimi.

Kobe nilimkuta stoo ya kampuni, amekaa juu ya mifuko ya kulalia, anashona hema. Alisimama kunipokea, akanivutia kreti nikae. Habari alishazisikia. Nikamweleza kuhusu Mwalimu.

"Atakukatalia kushuka," nikasema. "Mficha maradhi ndivyo alivyo. Mkifika Bega akianza kukohoa lile povu, usibishane naye. Mwambie amefika, umbebe, ushuke."

Kobe alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Kaka, fomu niandike nini?"

Nikamshikia ukingo wa hema.

"Nikiandika hakufika, ataniuliza kwa nini nilimwambia amefika. Nikiandika amefika, ana saa. Nikisema aliumwa, atasema alichoka." Aliongea taratibu, bila ubaya, kama tunavyomweleza mteja hali ya hewa. "Kaka, wewe ni mkubwa wangu, ninakuheshimu. Lakini nina watoto watatu na beji moja. Akisema tushuke, tutashuka. Akisema twende, nitakwenda naye."

Akaendelea kushona. Nikamwambia sawa, mdogo wangu, kwa sababu baada ya siku ile, hata mimi ningefanya hivyo hivyo.