Bibi Asiye na Mtu

Kutoka kitandani hadi chooni ilikuwa safari. Dobi alimshika mama yake kwapani, mama akashika ukuta, wakavuka ua taratibu wakikwepa mabeseni ya wapangaji wenzao na maji ya sabuni yaliyotiririka kuelekea mferejini. Mlangoni mwa choo kulikuwa na foleni. Mama aliuma midomo, akatazama juu kana kwamba anasoma hali ya hewa. Waliporudi chumbani gauni lake lilikuwa limelowa nyuma. Binti akajifanya hakuona, na mama akajifanya hajui kwamba binti ameona.

Mtaa mzima ulimwita Dobi kwa sababu alifua mashuka ya hoteli. Alianza kazi hiyo akiwa kigoli, na sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi zake na kucha zilizochakaa kwa dawa ya madoa. Mumewe alikuwa ameshakwenda zake. Waliobaki ni yeye, mama yake, na kaka yake Mwalimu aliyefundisha shule ya msingi upande wa pili wa mji.

Daktari wa zahanati alikuwa amewaambia bila kuzunguka. Nyonga ya bibi imelika. Siku akianguka itavunjika, na ikivunjika itabidi apasuliwe. "Jipangeni mapema," alisema, kwa upole wa mtu ambaye si yeye atakayelipa.

Basi wakajipanga. Walikaa watatu chumbani, mama kitandani, Dobi juu ya ndoo iliyopinduliwa, Mwalimu kwenye kiti cha pekee chenye miguu yote. Upasuaji ulikuwa jambo la kuuza nyumba, na wao nyumba ya kuuza hawakuwa nayo. Njia ilikuwa moja tu, nayo waliijua kama kila mtu mtaani alivyoijua: mzee asiye na mtu hutibiwa bure kwa kadi ya ustawi wa jamii. Mwenye mtoto aliyeajiriwa hapati kadi.

"Mimi ndiye ninayemharibia," alisema Mwalimu, macho kwenye viatu vyake. "Jina langu liko serikalini. Mshahara unakuja ukijisikia, lakini jina lipo pale pale."

"Sasa kaka, tufanyeje? Ufe?"

Alikuwa anatania. Mama ndiye aliyecheka peke yake.

Mwalimu alijikohoza, akarekebisha koti, akaigiza sauti ya afisa. "Haya bibi. Una watoto wangapi?"

"Wawili."

"Mama!"

"Nimejisahau. Sina."

"Hujawahi kuzaa?"

"Sijawahi." Mama akajipapasa tumbo. "Na hii michirizi ya huku nitasema nilichorwa na fundi rangi?"

Walicheka wote hadi Dobi akafuta machozi. Kisha kicheko kikaisha, wakabaki wanatazamana, na Dobi akaona aibu inapanda shingoni kama joto la pasi. Walikuwa wamekaa katika chumba ambacho mama yao aliwalea kwa kupika jikoni mwa shule za watu, wakimfundisha namna ya kuwakana.

Mipango ikaenda. Mwalimu aliongea na mwenyekiti wa mtaa, wakaelewana kama watu wazima wanavyoelewana. Dobi alihamishia godoro lake chumbani kwa Mama Mkaa, muuza mkaa wa chumba cha pili, ili akiulizwa awe jirani. Picha ya Mwalimu siku ya kuhitimu ikateremshwa ukutani. Mwalimu aliagiza pia chumba kiachwe kichafu kidogo, kionekane cha mtu asiye na mbele wala nyuma.

Hapo ndipo walipoharibu. Mama hakukubali. "Mgeni wa serikali anikute na nywele kama fagio? Nilizaliwa jalalani mimi?" Na Dobi, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kutakatisha vitu, hata hakufikiri. Alimkalisha mama katikati ya magoti yake, akamsuka mistari myembamba iliyonyooka, akampaka mafuta, akamkata kucha za mikono na miguu. Akadeki sakafu mara mbili. Alipomaliza alisimama mlangoni kumtazama mama yake, akaridhika. Haikumjia kichwani kwamba ameandika jina lake kwenye kichwa kile.

Afisa ustawi alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye viatu vilivyolika visigino kwa kutembea mitaa. Alifuatana na mwenyekiti, ambaye alibaki nje kwa heshima na kwa woga. Dobi alisimama kizingitini na ndoo mkononi, kama jirani aliyepita tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Unaishi na nani hapa?"

"Peke yangu."

"Nani anakuhudumia?"

"Huyo jirani. Ana moyo, Mungu amlipe."

Afisa alimtazama Dobi, akatazama sakafu, kisha macho yake yakapanda hadi kwenye nywele za mama na kukaa hapo.

"Nani amekusuka?"

"Jirani."

"Jirani," alirudia. "Na kucha?"

Mama akazificha kucha ndani ya kanga.

Afisa akashusha kalamu. Hakupandisha sauti. "Bibi, mimi naingia nyumba nyingi. Mtu asiye na mtu namjua kabla sijakaa. Namjua kwa harufu, unisamehe kusema hivyo. Wewe unanukia mafuta." Akageukia mlangoni. "Watu wanaficha watoto wao kila siku. Kadi zenyewe zinahesabika. Halafu kuna mzee yuko kweli peke yake, funza wanamla miguu, anakosa. Mnalijua hilo?"

Dobi alilijua. Alikuwa amejikataza kuliwaza, na sasa lilikuwa limeletwa mbele yake chumbani na mtu mwenye haki ya kuliuliza. Alitamani ndoo ile iwe kisima, atumbukie.

"Nilikuwa nao," alisema mama.

Afisa akageuka.

"Watoto. Nilikuwa nao wawili. Wamekufa."

Hilo halikuwemo. Hawakulifanyia mazoezi. Mama alikuwa ameinamia mikono yake, akiongea polepole, kama mtu anayetoa vitu sandukuni kimoja kimoja.

"Wa kiume alikuwa na akili. Alikuwa akiwapanga wenzake uani, anawafundisha kwa kijiti. Alisema atakuwa mwalimu. Homa ikamchukua. Wa kike ndiye aliyenitesa kumzaa. Siku mbili. Akaja hapumui vizuri, akakaa, akakua, akawa msichana wa kunisaidia kubeba sufuria. Nikasema huyu atanizika. Naye akaondoka. Nilimwosha mwenyewe kwa mikono hii. Alikuwa na alama hapa."

Akagusa chini ya sikio lake. Kizingitini, Dobi akavuta kitambaa cha kichwa kikafunika shingo.

Mama alikuwa analia. Hayakuwa machozi ya kuigiza. Yalishuka yenyewe, akayaacha, na Dobi akamsikiliza mama yake akimzika hadi mwisho, udongo, na watu kurudi nyumbani, na sufuria ambayo hakukuwa tena na wa kuibeba. Alitaka kupaza sauti, mama, niko hapa. Alishika mshikio wa ndoo ukamkata vidole.

"Huyu jirani nampenda kwa sababu hiyo," alimaliza mama. "Umri wangekuwa sawa. Ananisuka, namwacha anisuke."

Afisa alikuwa ameinamisha kichwa. "Nisamehe, bibi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona aibu kwa dhati. Akaandika. Kabla ya kutoka alimshika Dobi mkono. "Asante dada. Watu kama wewe wamekwisha."

Wageni walipoondoka, mama aliomba maji. Alikunywa bila kumtazama binti yake.

"Nimekuua," alisema.

"Ilibidi, mama."

"Nimekuua vizuri mno."

Jioni Mwalimu aliingia mbio, koti begani. "Vipi, tumefaulu?"

"Tumekufa," Dobi alimjibu, akaenda kuchukua godoro lake.

Mama alianguka masika yalipoanza, uani, kwenye yale maji ya sabuni, asubuhi moja Dobi akiwa kazini. Kadi ilifanya kazi, lazima hilo lisemwe. Hospitali ya serikali haikudai chochote mlangoni. Walimpiga picha nyonga, wakampa kitanda dirishani mwa wodi ya wanawake, na kwenye kibao cha kitanda wakaandika kwa wino mwekundu: HANA NDUGU.

Daktari alisema apasuliwe haraka. Mzee akilala chali muda mrefu mapafu yanajaa, mgongo unatoka vidonda, na hapo hata nyonga haina maana tena. Ilibaki saini.

"Ndugu yake ni nani?" aliuliza muuguzi.

"Mimi," Dobi alisema, kisha akakitazama kile kibao. "Mimi jirani yake."

"Jirani hasaini. Wa aina hii anasainiwa na afisa ustawi."

Afisa ustawi alikuwa semina, mji mwingine. Simu yake iliita hadi ikachoka. Ofisini kwake kulikuwa na kijana aliyesema msaidizi hana mamlaka, na mwenye mamlaka naye yuko semina hiyo hiyo. Wiki ikaisha. Ikaanza nyingine. Dobi akimgeuza mama yake aliona ngozi ya mgongo imeanza kubadilika rangi, na hakuna shuka alilowahi kufua lililokuwa na harufu ile.

Mwalimu hakuonekana wodini. Wazazi wa wanafunzi wake walikuwa wamejaa humo, na wangemsalimia kwa jina, na wangeuliza huyu bibi ni nani kwako. Alileta machungwa hadi getini, akampa Dobi, akasimama hapo akipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Mwambie..." alisema, asimalize.

Siku hiyo Dobi alimwinamia mama yake sikioni. "Nakwenda kuwaambia. Nasaini mimi."

Mama alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa na nguvu ya ajabu. "Ukiwaambia wananitoa. Wananitoa na nyonga hivi hivi. Mwalimu wanamfukuza, mwenyekiti wanamtia ndani, na wewe. Utanipeleka wapi?"

Dobi hakuwa na pa kumpeleka.

"Nimeshawazika," mama alinong'ona. "Usije ukanifufukia hapa wodini, watu wanaona."

Siku ya pili yake Dobi alikuja na uji wa mtama kwenye bakuli lenye mfuniko, kama mama alivyoupenda, mwepesi, bila mabonge. Hakufika kitandani. Muuguzi mkuu alikuwa amesimama katikati ya wodi akipiga makofi.

"Wote waliokuja kuona wagonjwa watoke nje kidogo! Tuna wageni, wamekuja kwa ajili ya wale wasio na ndugu!"

Wageni walikuwa akina dada kumi na kitu, wamevaa fulana za rangi moja, na mpiga picha wao. Walikuwa wameleta sabuni, ndala, na uji kwenye chupa kubwa za chai. Nyuso zao zilikuwa njema. Dobi alitolewa pamoja na watu wengine, akazunguka jengo kwa nje hadi kwenye dirisha la mama yake, lililokuwa na wavu uliotoboka pembeni. Bakuli lilikuwa bado la moto mikononi.

Dada mmoja alivuta stuli karibu na kitanda. Harufu ilimfikia, akapeleka mkono puani, kisha akakumbuka kamera na kuushusha. Akajaza kijiko. Mama alifungua mdomo, akameza. Uji ulikuwa mzito, ukamshinda, mwingine ukamtoka pembeni, na dada yule hakujua kwamba inabidi umwinue kichwa kwanza. Dobi mikono ilimwasha nje ya wavu.

"Asante, mwanangu," alisema mama.

"Jamani!" alisema dada, macho yakimlengalenga kwa furaha.

"Hapo pazuri sana," alisema mpiga picha. "Lakini imenipita. Bibi, rudia hivyo hivyo."

Kijiko kikajazwa tena. Mama akameza. "Asante, mwanangu," alisema, safari hii kwa sauti, uso ameuelekeza kwenye wavu.

Mpiga picha akashusha kamera. "Bibi, usiangalie dirishani. Mwangalie dada hapa."

Mama akageuza uso, akafungua mdomo.