Mwali Aliyeruka Ukuta

Kishindo kilikuwa kama gunia la sukari limedondoshwa kutoka juu ya Fuso. Mwanaisha alikuwa ndiyo kwanza anafungua geti, amerudi mapema kutoka dukani kwake kwa sababu kichwa kilikuwa kinamgonga, na alichokikuta uani hakukitegemea hata kidogo. Naila, binti yake, mwali wa miaka kumi na tatu, yuko chini ya ukuta wa nyuma, gauni limejaa vumbi, ameukumbatia mkono wake wa kushoto kama amebeba kichanga.

"Mama," Naila akasema, "usipige kelele."

Mwanaisha akapiga kelele. Akapiga kelele mpaka madereva waliokuwa kwenye foleni ya malori ya kuvukia Zambia wakazima redio wasikilize kuna nini huko mtaani Chapwa.

Na usimshangae. Kwao Mwanaisha ni Kilwa, Tunduma alikuja kwa kuolewa na Sufiani, mtu wa malori, na huko kwao wanawake wanavunjika. Mama yake mzazi aliinama tu kukunja mkeka, nyonga ikaachia, tangu siku hiyo ni mtu wa kugeuzwa kitandani. Dada yake mkubwa aliteleza msalani, kiwiko kikaenda. Shangazi naye, mkono, tena kwa kujigonga mlangoni tu. Mwanaisha akaona basi, hii ni mifupa ya ukoo, mifupa ya biskuti. Kwa hiyo Naila alipovunja ungo mwaka uliotangulia, akawekwa ndani kama wanavyowekwa mabinti wa kwao, akasingwa kwa liwa, akafundwa. Siku za kuwekwa ndani zikaisha. Mwanaisha hakumtoa.

Shule anapelekwa na teksi, anarudishwa na teksi. Kipindi cha michezo anabaki darasani, mama mtu alishaenda kuongea na mwalimu. Maji asichote, mchi asiguse, jua asiote. "Huyu namtunza," alikuwa akiwaambia wateja pale dukani kwenye vitenge. Na kila jioni akirudi alimkuta mwali yuko kwenye kochi, kanawiri, anatazama tivii. Moyo wake unatulia, anakula, analala.

Sasa mwali wa kwenye kochi ndiyo huyo, yuko kwenye vumbi.

Juu ya ukuta kikachomoza kichwa cha jirani, Tusekile, mama yake Watson, Mnyamwanga wa hapohapo, anayevusha mchele na vitunguu kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa kichwa chake mwenyewe.

"Naila, umefika salama?" akauliza, halafu akamwona Mwanaisha. "Ah! Mama Naila, kumbe upo."

"Kafika kutoka wapi?"

"Si kutoka huku kwangu! Kila siku anaruka vizuri tu, leo sijui kateleza vipi."

"Kila siku?"

Kichwa cha Tusekile kikaanza kushuka pole pole, kama jua linavyozama nyuma ya mlima.

Sufiani alikuwa Zambia na mzigo. Kwenye simu akasema neno moja tu: hospitali, Mbozi Mission, wala asibahatishe kwa waganga wa viungo. Ikatafutwa teksi. Tusekile akajipakia bila kualikwa, na chupa ya chai mkononi.

Njiani Mwanaisha alisoma dua mpaka karibu na mji wa Vwawa. Kila akifumba macho anamwona mama yake kwenye kile kitanda cha Kilwa, miguu imekonda kama fito. Sasa kwenye kile kitanda akawa anamwona Naila. Kumi na tatu tu! Mfupa umeanza kuvunjika ana kumi na tatu, akifika hamsini itakuwaje?

"Mama Watson," hatimaye akasema, "mwanangu ulikuwa unamtumikisha?"

"Nimtumikishe nini? Alikuwa anajitumikisha mwenyewe. Anakuja, anatwanga na wenzake, wanaenda kisimani, wakirudi ni rede na kamba mpaka wamechoka. Mimi nilijua umemruhusu."

"Nimruhusu apite ukutani?"

"Nikasema labda ndiyo mila zenu huko pwani."

Dereva akacheka, akajifanya anakohoa. Naila akageukia dirishani, mabega yanatikisika, haijulikani analia au naye anacheka.

"Wewe," Mwanaisha akamwambia, "tangu lini?"

"Tangu mwezi ule uliponiweka ndani, mama."

"Ndani! Hiyo ndiyo ndani?"

Hospitali Naila akapigwa picha ya mkono, wakaambiwa wasubiri. Kile kibenchi kilikuwa kigumu, na kusubiri kulikuwa kugumu zaidi. Tusekile akammiminia chai, Mwanaisha akaishika hadi ikapoa. Kila mlango ukifunguka anainuka nusu, anakaa tena.

"Bamayo, tulia," Tusekile akasema. Yeye akianza kuita watu bamayo, yaani mama, kama wanawake wa Nakonde wanavyoitana, ujue na yeye ana wasiwasi.

Daktari Mbonile alikuwa baba mmoja mfupi, mtu wa utani. Akaibandika picha kwenye taa, akaitazama, akamtazama Naila, akaitazama tena. Mwanaisha akaanza kulia kabla hajaambiwa.

"Mama, unamlilia nani?" daktari akauliza. "Huu mfupa mzima. Huu mwingine mzima. Hapa kwenye kifundo cha mkono kashtua tu, tutamfunga bendeji, atatulia wiki mbili tatu. Hakuna kilichovunjika."

Mwanaisha akakaa chini. Si kwenye kiti, chini, sakafuni, na baibui lake. Hewa yote aliyokuwa ameibana tangu Tunduma ikatoka kwa mpigo, akasema alhamdulillah mpaka ulimi ukakwama. Tusekile naye, Mkristo wa watu, Mmoraviani, akajikuta anaitikia amina.

"Ukuta mrefu kiasi gani?" daktari akamuuliza Naila.

"Kama huo mlango."

"Umeruka kutoka juu ya mlango, umetua kwa mkono, na hukuvunjika. Unacheza mchezo gani?"

"Hachezi!" Mwanaisha akadakia, kwa mazoea tu. Halafu akakumbuka. Akafunika mdomo. Ndipo akaeleza yote, mama wa Kilwa, dada, shangazi, mifupa ya biskuti, mwali kufungiwa asije akavunjika na yeye.

Daktari akavuta kiti. Utani ukaisha kidogo.

"Hao waliovunjika, walipovunja ungo walikaa ndani muda gani?"

Mwanaisha akawaza. "Enzi zao ilikuwa mpaka aolewe. Mama miaka mitatu."

"Na baada ya kuolewa?"

"Mwanamke wa kwetu anayejiheshimu alikuwa hatoki ovyo, daktari."

"Sikiliza, mama. Kurithi kupo, sikatai. Na hii picha hainiambii mfupa ni mgumu kiasi gani, inaniambia tu kwamba haujavunjika. Hata anayecheza huvunjika, ni bahati pia. Lakini mfupa si ubao. Ni kitu hai, unajijenga kwa shughuli. Mtoto akiruka, akikimbia, akibeba cha saizi yake, mfupa unajiongeza. Na umri mzuri wa kuujenga ndiyo huu wake. Jua nalo lina kazi, maziwa yana kazi, dagaa na mifupa yake ana kazi. Ukimfungia sasa, akija kuwa bibi atatumia akiba gani?"

Mwanaisha akahesabu moyoni: dagaa Naila hali, eti wananuka. Jua, hapana. Yaani kitanda cha Kilwa ndicho alichokuwa anamtandikia, kwa mikono yake mwenyewe, huku akiwaambia wateja anamtunza.

"Na mimi?" akauliza, sauti ndogo. "Nina arobaini na tano. Nashinda nimekaa dukani kutwa."

"Wewe huwezi kujenga kama yeye. Ila ulichonacho kinaweza kulindwa. Tembea. Beba. Toka juani."

"Aje tubebe wote vitunguu," Tusekile akasema.

"Mama Watson, nyamaza kwanza."

Jioni ile, wamesharudi, akapiga simu Kilwa. Alikuwa na hofu. Mila si yake peke yake, aliipokea kwa mama, na kumtoa mwali bila ruhusa ya bibi yake aliona ni utovu wa adabu. Akaeleza mwanzo mpaka mwisho, ukuta, picha, daktari.

"Huyo mtoto alikuwa anaruka ukuta kila siku?" bibi mtu akauliza.

"Kila siku, mama. Nisamehe."

"Mimi kwetu ukuta ulikuwa wa makuti. Nilikuwa nachungulia wenzangu wakicheza. Ningejua unarukika!" Akacheka hadi akakohoa. "Mtoe, Mwanaisha. Afundwe adabu, lakini mtoe."

Bendeji ilipotoka, Naila alipita getini mchana kweupe, na mama yake nyuma. Uwanja wa Tusekile ulikuwa umejaa wasichana, rede imepamba moto. Naila akaingia kati, mpira unamkosa huku, unamkosa kule, anaruka kama panzi. Halafu akateleza, akatua kwa goti, pu!

Mwanaisha alishasimama. Mkono wa Tusekile ukamshika upindo wa baibui.

Naila akainuka, akajipangusa. "Rusheni basi, mnaogopa nini?"

Mwanaisha akapumua. Akaangalia goti la mwanawe, akaangalia zile ndoo tupu zilizopangwa pembeni, zinasubiri safari ya kisimani.

"Ipi ndogo?" akauliza.

"Hiyo ya bluu," Tusekile akasema. "Ila ukimwaga njiani, unarudi kuchota. Hapa hatumdekezi mtu."