Mizunguko Ishirini

Mwalimu wa usalama kutoka serikalini aliingia kwenye banda la mafunzo akiwa ameshakasirika, na alichokikuta humo kikamzidishia. Viti vimepangwa, bango la USALAMA KWANZA limetundikwa, mpiga picha keshafika. Vyeti viko mezani vikiwa na majina ya watu na tarehe ya leo, vinasubiri sahihi yake tu, na somo lenyewe halijaanza! Kampuni ile ilikuwa imepakua kabla ya kuinjika chungu.

"Ukishasaini tutapiga picha ya pamoja," bosi wa kampuni alimwambia huku akitabasamu kwa meno yote. "Kesho vijana wanaingia kwenye mradi wa bomba kubwa. Mteja anataka vyeti leo saa kumi."

"Nitasaini nikishaona wanajua nini."

"Mbona mwaka jana hukuwa mgumu hivi?"

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa la kweli. Mwaka jana alisaini bila zoezi. Fundi mkuu wa kikosi kile alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa mwisho, na alimpigia simu kumbembeleza: kazi itatuponyoka, shemeji, nina uzoefu wa miaka tisa, wewe mwenyewe unanijua. Akasaini. Hakuna aliyemshikia kalamu. Tangu hapo, kila alipokwenda kwao na kumwona mdogo wake akicheka na mumewe, alitafuta kisingizio cha kuaga mapema. Safari hii aliapa kwamba shemeji hatatoka pale na cheti cha bure, hata undugu ukiingia nyufa.

Kazi yao ilikuwa kupiga picha maungio ya mabomba ili ionekane kama yamechomelewa sawasawa. Ndani ya sanduku zito la chuma, wenyewe wanaliita kamera, hukaa punje ya mionzi isiyozidi punje ya mtama. Fundi anasimama mbali na kuzungusha mpini. Waya unaisukuma punje nje, inapita kwenye mpira mrefu hadi kwenye bomba, na picha inaingia kwenye filamu. Akizungusha kinyume, waya unairudisha punje ndani. Ikirudi, mko salama. Isiporudi, iko hapo hapo inakuunguza, na huoni moshi, husikii joto, hunusi kitu. Mita, kile kifaa cha kupimia mionzi, ndiyo inayokuambia kama imerudi. Mwalimu alikuwa amelisema hilo mara nyingi hata mafundi wakambatiza Bi Kengele, na walikuwa wakimwigiza sauti akigeuka.

Mafundi walipokuwa kwenye chai, alichukua punje ya bandia ya mafunzo, akaichomoa kwenye waya na kuiacha ndani ya mpira, mwisho kabisa. Kisha akaweka mezani mita ya mafunzo, ile iliyotengenezwa ilie inapoisogelea punje hiyo. Aliiweka katikati, mahali ambapo hata kipofu angeipapasa.

"Haya, shemeji," alisema waliporudi. "Picha moja, kama mnavyofanya kila siku."

Fundi alivaa glavu, akashika mpini. Alizungusha kwa madaha, akasubiri, kisha akaanza kurudisha huku akihesabu kwa sauti na wasaidizi wake wawili wakimwitikia kama wako harusini. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini! Akaachia mpini, akaenda moja kwa moja, akaufungua mpira, akauviringa mkononi na kuutupia begani. Mita ikabaki mezani.

"Kwisha kazi," alisema, akamgeukia mpiga picha.

Mwalimu aliichukua mita na kumfuata nayo. Alipofika hatua tatu kutoka begani mwake, ililia hadi mpiga picha akashusha kamera yake.

"Umebeba nini hapo?"

"Mpira tu, shemeji. Kurudi ni mizunguko ishirini. Mkono wangu unajua."

"Mkono wako unajua kuwa waya umerudi! Punje umeiweka begani, karibu na shingo! Mita nimekuwekea chini ya pua, umeipita kama mkeka! Miaka kumi unahesabu mizunguko! Nani kakufundisha ujinga huu?"

Bosi akakohoa. "Mwalimu, hiyo si ya bandia? Tusikuze mambo. Mita zetu zina kelele, wateja wanashtuka, ndiyo maana nilisema zikae stoo."

Zikae stoo! Mwalimu alitamani kumtupia bosi ile mita usoni, na lililomzuia ni kwamba mita ilikuwa ya serikali.

Fundi aliushusha mpira taratibu, akakaa.

"Shemeji, punje ikibaki nje, filamu zilizo karibu zinakuwaje?"

"Zinatoka nyeusi tii."

"Zote?"

"Zote. Kwa nini unauliza?"

"Wiki mbili zilizopita zilitoka nyeusi boksi zima." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tukasema filamu mbovu. Tukamrudishia muuzaji, nikamtukana sana yule mzee. Siku hiyo mpini ulikuwa unakwama. Nilizungusha mbele na nyuma mpaka ukakubali."

"Na kabla haujakubali, mpira aliushika nani?"

"Mimi, nilikwenda kuunyoosha. Hawa nilikuwa nimewatuma garini."

"Beji yako ya kupima mionzi ilisoma ngapi?"

Alimtazama bosi. "Beji zinafungiwa kwenye droo ya ofisi. Ati zisipotee."

Akavua glavu ya kulia. Vidole vitatu vilikuwa vimevimba, vyekundu, ngozi ya ncha inabanduka. "Nilidhani nimejiunguza kwenye bomba."

Mwalimu alijua anachokiona. Alikuwa amekionyesha kwenye picha darasani miaka yote, na mafundi wakiguna na kugeuza nyuso. Hakuwahi kukiona kwenye mkono anaoujua.

"Hili tulizungumze ofisini," bosi alisema haraka. "Wewe saini kwanza, mambo ya vidole ni ya—"

"Funga mdomo!"

"Sawa. Ukiripoti, na wewe umo. Sahihi ya mwaka jana ni yako."

"Najua ni yangu. Nitaanza nayo."

Alivigeuza vile vyeti, akaandika nyuma ya cha juu kabisa, kalamu ikikwaruza karatasi: Mwaka jana niliwapitisha watu hawa bila kuwafanyisha zoezi. Akaweka jina lake na sahihi, na chini yake akaandika habari za droo, za stoo na za filamu nyeusi. Akaipigia simu mamlaka ya mionzi, akaagiza gari la hospitali, akawaamuru wasaidizi wote wawili nao wapande.

Kisha akampigia mdogo wake.

"Dada!" Sauti ilikuwa na furaha. "Wamemaliza? Mume wangu kapata cheti?"

"Njoo hospitali kuu sasa hivi. Mkono wake umeungua kazini, umeungua vibaya."

"Umeungua na nini? Dada, si wewe ndiye uliyempitisha?"

"Ndiyo," mwalimu alisema. "Kwa hiyo ukifika, usianze kumgombeza yeye. Anza na mimi."